Nilisoma jina la karani ndani ya mashine ya maziwa nikadhani ni amri

Wakuu, huo ulikuwa mwaka wa viazi na omena.

Mahindi yaliungua shambani kabla ya kubeba. Majani yaligeuka manjano kuanzia katikati, na hata ng'ombe waliyanusa wakageuza kichwa. Viazi vikawa vinakuja na lori kutoka Londiani. Asubuhi viazi, mchana viazi, jioni viazi vimepondwa ndiyo vifanane na kitu kingine. Omena, wale samaki wadogo wa ziwani, ilitoka kwa mtu mmoja, nitafika kwake.

Ukitaka kujua ni mwaka gani, uliza mtu wa huku Sosiot kuhusu mwaka wa viazi na omena. Atakuambia. Na kama alikuwa kwa cooler asubuhi ile, atakuambia akiangalia viatu vyake.

Nawasalimu wote, wenye mnaandika na wenye mnapita kimya kimya. Mimi ni nyanya wa wajukuu kumi na mmoja. Shule niliacha darasa la tatu, nikaenda kuchuma majani chai. Hii account nimefunguliwa na mjukuu wangu, nitamuita Chebet. Majina yote nimebadilisha. Kosa sijabadilisha, ni langu vile lilivyo.

Chebet amesema kwa jukwaa hili kuna watu wa kufungua programu zilizokwisha kufungwa na kuangalia ndani. Basi hii ni yenu. Someni, mkichoka pumzikeni, mimi pia nimechoka nayo.

Kwanza mjue cooler ni nini.

Ni nyumba ya mabati kando ya lami, ndani kuna tangi kubwa la kupoza maziwa. Sisi wakulima wadogo tunaleta maziwa asubuhi na mikebe. Zamani karani alikuwa anatumbukiza kijiti cha kioo ndani ya maziwa, anaangalia kimeelea wapi, anakuambia endelea. Halafu kamati ikaleta mashine. Unachovya mrija wake kwa maziwa, inapima uzito na joto, halafu kompyuta kuukuu iliyo kando inaandika neno moja. SAFI, ama MAJI.

Ikiandika SAFI unamwaga kwa tangi. Ikiandika MAJI unabeba mkebe wako unarudi nao nyumbani, na watu wanakuona.

Kwetu Wakipsigis, afadhali uniambie nimeiba kuku wa kanisa. Mama wa kuweka maji kwa maziwa, hata mursik yake, maziwa ya kuganda ya kibuyu, watu wanaionja na ncha ya ulimi. Mimi nimekamua tangu nikiwa na miaka sita. Hakuna mtu ashawahi kusema maziwa yangu yana maji, na nilikuwa nalijua hilo, na nilikuwa napenda watu walijue.

Karani wa cooler alikuwa Achieng.

Baba yake alitoka upande wa ziwa akaja kufanya kazi kwa shamba kubwa la chai. Achieng alizaliwa huku, kwa nyumba za laini za wafanyakazi. Anaongea Kipsigis kuliko wajukuu wangu. Aliniita Kogo, vile watoto wetu wanaita nyanya. Mahindi yalipoungua, kila Ijumaa alikuwa ananiletea omena imefungwa kwa gazeti. Anaiweka juu ya jiwe la mlango, anaita, "Kogo, samaki wako wamefika, wafungulie!" Halafu anaenda akicheka.

Ndiye huyo mtu wa omena.

Sasa Julai ikaingia na baridi yake, ile ya kufanya nyasi kuwa nyeupe asubuhi.

Siku ya kwanza nikaweka mkebe. Achieng akachovya mrija. Akachovya tena.

"Kogo, inasema maji."

"Nani anasema?"

"Mashine."

"Basi ambia mashine ikuje ikamue yenyewe."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Nilibeba mkebe nikarudi nao kilima chote, na mkebe unaorudi umejaa ni mzito kuliko unaoenda, msiniulize kwa nini.

Siku ya pili, MAJI. Siku ya tatu, MAJI, na hakuna mtu alicheka. Jirani yangu Mama Sharon, MAJI. Mzee wa chini yangu, MAJI. Sisi wote tunaokaa ng'ambo ya kijito.

Na wale wa upande wa lami? SAFI. SAFI. SAFI.

Wakuu, hapa ndipo nataka msome polepole. Upande wa lami wanakaa watu ambao wazazi wao walikuja kufanya kazi ya chai ama biashara. Wengine wametoka ziwani, wengine mkoa wa kati. Walinunua vipande vidogo wakajenga, mtu ana ng'ombe mmoja au wawili. Achieng anakaa huko.

Mko nami? Tulianza kuhesabu nani amerudishwa na nani hajarudishwa. Na tulipomaliza kuhesabu hatukusema kitu. Tulinyamaza tukiangaliana. Hiyo kunyamaza ilikuwa mbaya kuliko maneno.

Wiki hiyo Chebet akafika nyumbani, chuo kimefunga. Anasomea kompyuta. Nilimwambia yote kabla hajaweka begi chini.

Akaenda kwa mwenyekiti wa kamati, Arap Koech, akamuomba ruhusa aangalie ile programu. Arap Koech akasema angalia tu, maana fundi aliyeiandika ameenda nchi za nje na simu yake haishiki. Karatasi alizoandikia programu yake alienda nazo. Iliyobaki ni ile file ya mwisho, ya mashine kusoma, si ya mtu.

Chebet akaikopi kwa flash, akaja nayo, akaifungua na programu nyingine ya kufungua programu. Nyinyi mnaiita disassembler. Mimi nilikuwa nimekaa kando yake nikichambua maharagwe.

Stima zilikuwa zinapotea kila saa, kwa hivyo akaenda cyber ya Sosiot akaprint kurasa kadhaa, azisome na kalamu.

Nikamuuliza hizo ni nini. Ndiyo nimewaletea vile alinieleza, na kama amekosea mniambie.

Alisema, "Kogo, ukinituma dukani na karatasi, unaandika nini?"

"Enda dukani. Chumvi. Kibiriti. Mafuta. Rudi haraka."

"Sawa. Hapo 'enda' na 'rudi' ni amri. Chumvi, kibiriti na mafuta ni vitu. Mtu hawezi 'kuchumvi'. Wewe unajua tofauti kwa sababu unajua lugha. Lakini ndani ya file yote ni namba tupu, zimefuatana, hakuna nafasi, hakuna nukta. Namba moja inaweza kuwa amri, na namba ileile ikawa herufi ya jina. Ukiiangalia peke yake huwezi jua."

"Sasa mashine inajuaje?"

"Mashine haijui. Inaanza pale imeambiwa ianze, inafanya amri, inaruka pale amri imeiambia iruke. Haifiki kwa chumvi kwa sababu amri zinaipitisha kando. Lakini hii programu yangu ya kufungua haifuati njia. Inasoma kutoka juu mpaka chini kama mtu amefunga macho. Ikikuta chumvi, inaiandika kama amri. Kwa hivyo kuna mahali kwa hizi karatasi inadanganya, na bado sijajua ni wapi."

Nilisikia yote. Niliitikia kichwa. Nilisema eeh.

Kusikia na kukubali si kitu kimoja, wakuu.

Karatasi ilikuwa na safu tatu. Kushoto namba, mimi na hizo hatujuani. Katikati vineno vifupi vya Kizungu. Kulia, nukta nukta, na katikati ya nukta, herufi. Herufi nazijua. Nikavaa miwani, nikaanza kushuka na kidole kwa safu ya kulia, vile mtu anatafuta jina lake kwa orodha ya kanisa.

Nikakuta MAJI.

Chini yake KATAA.

Chini yake ACHIENG.

Nikaacha kidole palepale juu ya jina.

"Chebet. Haya maneno mafupi hapa katikati, mkabala na jina, ni nini?"

Akaangalia haraka, alikuwa na ukurasa mwingine mkononi. "Hiyo INC ni ongeza. DEC ni punguza."

Nikasoma na kidole, herufi kwa herufi ya jina lake. Ongeza. Ongeza. Punguza. Punguza. Ongeza. Punguza. Ongeza.

Unaona? Jina la mtu, na kando yake ongeza, punguza. Kwa nani anaongeza? Kwao. Kwa nani anapunguza? Kwetu. Nilikuwa nimemaliza kesi. Jaji mimi, shahidi mimi.

Chebet aliona uso wangu akaweka kalamu chini.

"Kogo, hapana. Hapo ndipo nilikuambia inadanganya. Hizo ni herufi za jina zimesomwa kama amri. Hata jina lako ukiliweka hapo litatoa ongeza punguza. Bado sijaona amri yoyote inafika hapo. Nipatie siku mbili nifuate njia."

"Siku mbili nirudi na mkebe mara mbili tena?"

"Kogo, tafadhali. Usiseme kitu kwa cooler."

Nikamwambia, na nilisimama kumwambia, maharagwe yakamwagika: "Siwezi nyamazia kitu nimeona na macho yangu."

Asubuhi yake Chebet aliamka mapema kupeleka ndama kwa dip kuogeshwa dawa. Nikachukua ule ukurasa mmoja, nikaukunja ndani ya leso, nikashuka.

Nilingoja mpaka watu wajae. Hiyo pia niseme. Ningeweza kumuita Achieng kando, ningeweza kungoja awe peke yake. Nilingoja wajae.

Mkebe wangu ukapimwa. MAJI.

Nikafungua leso.

Nilisoma kwa sauti ile ya kuita ng'ombe. Nilisema hii imetoka ndani ya mashine yenyewe, imefunguliwa na mjukuu wangu wa chuo. Nikasema sikieni. Maji. Kataa. Achieng. Halafu nikasoma ongeza na punguza, zote saba, na kila "punguza" nikiwaonyesha na mkono upande wetu wa kijito.

Mama Sharon akashika kichwa. Mtu nyuma akapiga mkebe na kifuniko. Kelele zikaanza.

Achieng alisimama pale na mrija mkononi, maziwa yakidondoka kwa dust coat yake, lile koti jeupe la kazi. Aliniangalia mimi tu. Akaniambia kwa Kipsigis, pole pole:

"Kogo, hiyo karatasi umeisoma yote?"

Nikamjibu, "Nimesoma yenye inatosha."

Sikuwa nimesoma yote. Nilikuwa nimesoma safu moja ya ukurasa mmoja, safu yenye nilikuwa naweza.

Arap Koech akaja, akanyoosha mkono, akaitisha ufunguo. Achieng akautoa. Akavua dust coat. Sasa hii ndiyo naiona mpaka leo nikifumba macho: hakuitupa. Watu wanamzomea, na yeye anaikunja. Mkono mmoja kwa mwingine, kola ndani, vizuri kama nguo ya mtoto. Akaiweka juu ya kiti, akachukua kikapu chake, akapita katikati yetu.

Mtu akapiga kelele, "Rudi kwenu!"

Akasimama. Kidogo tu. Kama mtu anafikiria ni upande gani. Kwao ni hapo, mita mia tatu, na kitovu chake kilizikwa hukuhuku. Halafu akaendelea.

Sikusema mimi hayo maneno. Lakini karatasi ilikuwa mkononi mwangu.

Kesho yake tukasikia ameenda kwa dada yake Kaplong na watoto. Ijumaa ikafika. Nilifungua mlango asubuhi, jiwe lilikuwa tupu. Jioni mjukuu mdogo akaweka kijiko chini akauliza, "Kogo, omena iko wapi?" Nikamwambia kula viazi.

Chebet hakunigombeza. Aliponiona narudi na leso alijua. Alichukua ule ukurasa akaunyoosha na kiganja, akaanza upya, na kwa siku mbili hatukuongea isipokuwa ya chumvi.

Alifuata njia. Nilimuona. Alianza pale programu inaanza, akaweka alama ya kijani kwa kila amri yenye mashine inafika. Amri ikisema ruka, anaruka, anafungua ukurasa mwingine, anaendelea hapo. Yale hakuna amri inaingia, aliyaacha meupe. Halafu kwa kila sehemu nyeupe anauliza: nani anasoma hapa, na anasoma kwa kazi gani?

Siku ya pili mchana akaniita. Sauti yake ilikuwa ya daktari.

"Kogo, kaa."

Nikakaa.

"Jina la Achieng linasomwa mahali pamoja tu. Pale chini ya risiti, kunaandikwa 'Karani', halafu jina. Basi. MAJI ni neno la kuonyesha kwa kioo. KATAA pia. Fundi aliyaweka maneno yake yote pamoja, kama vile wewe unaweka vijiko na uma kwa mkebe mmoja. Kukaa pamoja hakumaanishi yanaongea."

"Na ongeza punguza?"

"Ni herufi, Kogo. Nilikuambia."

Nikauliza, sasa maziwa yangu kwa nini?

Akanionyesha sehemu nyingine nyeupe. Ilikuwa orodha ya namba ndogo ndogo. Maziwa ya baridi huwa mazito kidogo kuliko ya moto, kwa hivyo mashine ikishapima inaenda kwa orodha, inachukua namba ya joto la maziwa, inapunguza kidogo ndiyo wote wawe sawa. Fundi alikuwa mtu wa nchi ya joto. Orodha yake inaanzia digrii kumi na tano. Hakuota kuna mtu ataleta maziwa ya baridi kushinda hapo.

"Ikipata ya digrii kumi na tatu," Chebet akasema, "hairudi kuuliza. Inarudi nyuma ya orodha na kuchukua chochote iko hapo. Na unajua nini iko hapo nyuma, imegusana na orodha? Yale maneno. Neno la mwisho ni SAFI. Inachukua herufi ya SAFI inafikiri ni namba, na kwa namba hiyo herufi ni kubwa, ni sabini na kitu. Inapunguza yote hiyo kwa maziwa yako. Lazima iseme ni maji."

Wakuu, mnaelewa? Mashine ilisoma herufi kama namba. Mimi nilisoma jina kama amri. Kosa ni moja. Tofauti ni kuwa mashine haina mdomo wa kuita watu.

Lakini haijaisha. Nikamuuliza, kwa nini sisi tu, kwa nini si wa lami?

Chebet akaugusa mkebe wangu na kiganja. Na hapo nikajua. Nikajua kabla hajafungua mdomo, nikatamani sakafu ifunguke.

Wa upande wa lami wanakamua asubuhi, wanavuka barabara, maziwa bado yana joto la ng'ombe. Sisi wa ng'ambo tuko mbali, tunaleta na ya jioni. Na ili yasigande, tunalaza mikebe ndani ya chemchemi, kwa kile kibwawa cha mawe. Julai hayo maji yanauma mifupa.

Nani aliwafundisha wamama wote wa ng'ambo kulaza mikebe kwa chemchemi?

Mimi. Nilijivunia hiyo. Nilisema maziwa yangu ndiyo baridi kuliko yote huku kwetu Belgut. Na yangu ndiyo yalikuwa baridi kuliko yote, ndiyo yalikuwa ya kwanza kukataliwa.

Sikungoja mtu aniamini kwa maneno. Tulienda cooler mimi na Chebet na Arap Koech. Nikaweka mkebe mmoja. MAJI. Nikachota maziwa yaleyale kwa kijagi, nikakisimamisha ndani ya sufuria ya maji ya moto, tukakaa hapo kama watu wanangoja mtoto azaliwe. Tukapima tena.

SAFI.

Arap Koech akavua kofia. Akaitazama. Akavaa tena.

Chebet alirekebisha ile file, akaiambia joto likishuka chini ya orodha itumie namba ya kwanza ya orodha, isirudi nyuma. Ilimchukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Hiyo pia iliniuma. Kitu kidogo hivyo.

Nikachukua kibuyu changu kizuri, chenye shanga za mama yangu, nikakijaza mursik, nikaenda Kaplong.

Achieng alikuwa anafua nje kwa dada yake. Hakunifukuza. Alinipa kiti, akaendelea kufua. Nikasema yote, ya chemchemi, ya orodha, ya karatasi. Nikasema nisamehe. Nikanyoosha kibuyu.

Alikitazama. Anajua kibuyu kama hicho kinapewa mtu wa heshima. Hakukigusa.

Akasema, "Nimekusikia. Lakini ulinisema mbele ya watu wote, sasa unaniomba msamaha hapa tukiwa na kuku."

Kuku walikuwepo kweli, wawili. Niliwaangalia kwa sababu sikuweza kumuangalia yeye.

Halafu akaniuliza kitu kimoja. "Kama jina lingekuwa Chelangat, la kwenu, ungelisoma hivyo?"

Niliinuka. Nilirudi na kibuyu kimejaa.

Nimekuwa na muda wa kufikiria jibu. Jibu ni hapana. Kama kidole changu kingekuta CHELANGAT ningesema ah, ni karani huyo, ningepita. Lile jina sikulisoma, nilikuwa nalo kichwani kabla nivae miwani. Wiki nzima tulikuwa tumehesabu na kunyamaza. Karatasi ilinipa tu mahali pa kuweka kidole.

Hiyo ndiyo aibu yenyewe. Ya kompyuta ni ndogo. Mtu wa darasa la tatu akikosea kusoma file, nani atashangaa?

Nikaenda kwa Arap Koech nikamwambia niitie watu. Akasema, "Mama, sisi kamati tumeshakubaliana. Tutatangaza ni mashine ilikuwa na shida. Achieng atarudishiwa kazi yake. Hakuna haja ya kuchimba. Wewe ni mama mkubwa hapa, kaa chini upumzike, watu watasahau."

Alikuwa ananihurumia, namjua ni mtu mzuri. Alikuwa ananipa mlango wa nyuma.

Nikamwambia mashine haikubeba karatasi kwa leso. Mashine haikungoja watu wajae. Nilimuona Achieng akikunja ile nguo.

Mwishowe akaita mkutano, na asubuhi yake nilisimama palepale, kwa sauti ileile ya kuita ng'ombe, maana kosa la sauti kubwa haliombewi msamaha kwa kunong'ona. Nikasema mimi ndiye. Nikasema hata ya Chelangat. Mama Sharon alilia, lakini nafikiri alikuwa anajililia. Yule wa "rudi kwenu" alikuwa hapo, namjua, aliangalia mbuzi wa jirani mpaka nikamaliza.

Achieng, kamati ilikuwa imemuita arudi, alikuwa amesimama mlangoni, kikapu mkononi. Alisikia yote. Halafu akaingia ndani akachukua dust coat, bado ilikuwa juu ya kiti vile aliikunja. Akavaa, akafungua mashine, akaita wa kwanza.

Nilipofika mimi, nilingoja aseme Kogo.

Akasema, "Namba thelathini na nne, weka mkebe."

Akachovya mrija. SAFI. Akasema, "Mwaga. Mwingine."

Mpaka leo kwake mimi ni namba ya daftari, thelathini na nne. Jiwe la mlango liko tupu. Sijaenda kumsumbua, ni haki yake, na labda siku moja, labda hapana.

Sasa nyinyi wa kufungua programu, nimewaandikia kwa sababu Chebet anasema mnafanya hii kazi kila siku. Mkikuta jina la mtu ndani ya file, ulizeni kwanza nani anasoma hapo. Fuateni njia tangu mwanzo, hata kama ni siku mbili na maziwa yanarudi. Safu moja unayoweza kusoma si ukurasa. Na kabla ya kufungua mashine, jifungueni wenyewe muone ni jina gani mlikuwa mnalitafuta.

Mwenye ameshawahi kusoma kitu akaona kile alitaka, aandike hapa chini, tusikae na aibu kila mtu kwake. Na mwenye anajua njia nzuri ya kutenganisha amri na vitu asaidie Chebet, bado ana kurasa nyeupe. Matusi pia nitasoma, nina miwani.

Arap Koech amenipigia leo mchana. Mtoto wake ameona huu uzi nikiuandika kwa Chebet, akamwambia. Amesema, "Mama, hiyo ni internet, itaenda dunia yote. Watu hapa walikuwa wameanza kusahau. Futa, tafadhali. Nyamaza tu."

Nilimjibu nikiwa nimesimama, kama siku ile ya maharagwe. Maneno ni yaleyale, siku ile yalinipeleka kubaya, na sina mengine.

"Siwezi nyamazia kitu nimeona na macho yangu."